Mwenye Sauti ya Bata Bukini

Msomaji wa Kiswahili akikutana na jina la Kazybek Bi kwa mara ya kwanza hudhani anaelezwa habari za mwanamke. Si ajabu, maana kwetu Bi. Mwanaisha na Bi. Zuhura ni akina mama. Lakini huko Kazakhstan, nchi ya nyika pana iliyo kati ya Urusi na China, "bi" ni neno la kale la Kituruki lenye undugu na "bek", yaani bwana au mkubwa, na kwa karne kadhaa lilikuwa jina la hakimu. Hakimu huyo hakuwa na joho, wala jengo la mahakama, wala askari, wala mshahara. Alikuwa na farasi wake, mjeledi wake, kumbukumbu yake na ulimi wake. Hata hivyo watu walisafiri siku nyingi ili wamfikie, wakapita mahema ya mahakimu wengine waliokuwa karibu zaidi, wakamwekea shauri lao, na alipokwisha kusema wakarudi makwao wakatii.

Nimefundisha walimu sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili la mtu kutiiwa bila kushurutisha limenishughulisha akili kuliko mengi. Chuo chochote kina mkuu wake mwenye ofisi na muhuri. Na chuo chochote kina mtu mwingine, asiyeandikwa popote kuwa mwamuzi, ambaye watu wakikosana humwendea yeye kwanza. Katika chuo kimoja nilichokiongoza mtu huyo alikuwa mpishi mzee. Wanachuo walikwenda kwake jioni, nyuma ya jiko, na ofisini kwangu zilifika zile kesi alizoziacha, nazo zilikuwa chache. Hakuna waraka wa wizara uliompa kazi hiyo, na hakuna waraka ambao ungeweza kumnyang'anya. Kwa sababu hiyo, nilipostaafu na kupata nafasi ya kusoma habari za nchi ambazo katika vitabu vyetu vya historia hupewa aya moja tu, mahakimu wa nyika ya Wakazakhi walinivuta mara moja.

Kazybek alizaliwa mwaka 1667, kwa hesabu ya vitabu vya Kazakhstan, akafariki mwaka 1764. Aliishi basi karibu karne nzima. Baba yake aliitwa Keldibek, na babu yake Shanshar, na wote wawili walisifika kwa busara katika zama zao. Ukoo wao ni Karakesek, ambao ni mlango wa kabila la Argyn, na Argyn ni kabila kubwa katika Kundi la Kati. Hapa hapana budi nieleze kidogo. Wakazakhi wamegawanyika katika makundi matatu, ambayo kwa lugha yao kila moja huitwa "zhuz": Kundi Kuu upande wa kusini na mashariki, Kundi la Kati katika nyika za katikati na kaskazini, na Kundi Dogo upande wa magharibi. Ndani ya kundi kuna makabila, ndani ya kabila kuna koo, ndani ya ukoo kuna milango, mpaka kumfikia mtu mmoja aliyeketi ndani ya hema lake na watoto wake.

Mtoto wa Kikazakhi alifundishwa kutaja baba zake saba pasipo kukwama. Asiyewajua alihesabiwa kuwa hana asili. Mtu wa mjini anaweza kudhani hayo yalikuwa majivuno ya ukoo tu, lakini yalikuwa na kazi zake. Kwanza, watu waliokutana kwa babu ndani ya vizazi saba hawakuruhusiwa kuoana, kwa hiyo kijana asiyejua nasaba yake hakujua pia nani ni dada yake. Pili, na hili ndilo linalohusu habari ya hakimu, mtu akiua alilipa diya, nao wao wakaiita "kun". Diya ya mwanamume huru ilikuwa kondoo 1,000. Sasa, ni nani katika nyika mwenye kondoo 1,000 wa kutoa kwa siku moja? Wachache mno. Aliyeshindwa alilipiwa na jamaa zake. Kwa hiyo orodha ile ya mababu aliyokariri mtoto ilikuwa ni kama daftari la benki: ilionyesha nani atalipa pamoja nawe siku ukiharibu, na nani atadai pamoja nawe siku ukidhulumiwa.

Kuna jambo jingine katika nasaba ya Kazybek lililo kubwa kuliko majina. Wakazakhi waligawanya watu kuwa mfupa mweupe na mfupa mweusi. Mfupa mweupe ni wazao wa Chinggis Khan, na kutoka kwao tu aliweza kupatikana khan. Wengine wote, wawe matajiri au maskini, ni mfupa mweusi. Kazybek alikuwa mfupa mweusi. Hata angeishi miaka 200 asingeweza kuketi katika kiti cha khan. Lakini kiti cha hakimu hakikuuliza mfupa. Kilikuwa wazi kwa mtoto yeyote mwenye masikio ya kusikiliza wazee na kifua cha kuhifadhi mashauri ya zamani, aliyeweza kusimama mbele ya watu na kusema neno likakaa. Ni kweli kwamba mwana wa hakimu alikuwa na nafasi nzuri kuliko wengine, kwa kuwa alilelewa ndani ya mashauri, akiketi nyuma ya baba yake tangu utotoni. Nafasi hiyo aliyonayo mwana wa fundi seremala pia. Haimfanyi kuwa seremala.

Zama za ujana na utu uzima wake zilikuwa za Tauke Khan, aliyetawala kuanzia karibu mwaka 1680 hadi kati ya miaka ya 1710. Tauke alikuta watu wake wakiraruana wao kwa wao, wakiibiana farasi na kulipizana kisasi, huku adui wa nje akiwa amekwisha kufika mlangoni. Wakazakhi husimulia kwamba aliwaita mahakimu wakuu watatu, mmoja kutoka kila kundi: Tole Bi wa Kundi Kuu, Kazybek Bi wa Kundi la Kati, na Aiteke Bi wa Kundi Dogo, wakakaa katika kilima cha Kultobe wakazipanga sheria zilizopewa jina la Zheti Zhargy, yaani Hukumu Saba. Hazikuandikwa wakati ule. Zilihifadhiwa vichwani, na Warusi ndio waliopiga chapa sehemu zake baada ya kuwauliza wazee, kwanza mwaka 1820, kisha katika kitabu cha Aleksey Levshin cha mwaka 1832.

Sitaki kuzipaka asali. Aliyekamatwa na mali ya wizi alirudisha mara tatu tisa, yaani mara 27, na hilo ni kali lakini linaeleweka kwa watu ambao mifugo ndiyo uhai wao. Lakini diya ya mwanamke ilikuwa kondoo 500, nusu ya mwanamume. Mume aliyemuua mkewe aliweza kujikomboa kwa diya, ila mke aliyemuua mumewe aliuawa, isipokuwa jamaa wa mume wamsamehe au awe mjamzito. Mtumwa maisha yake yalikuwa mikononi mwa bwana wake. Anayetaka kutuambia kwamba zamani zile zilikuwa za haki tupu na aanze na vifungu hivyo. Jambo ambalo sheria hizi zilifanya, na si dogo, ni kukizuia kisasi. Mahali pa damu kwa damu ziliweka kondoo kwa damu, mradi pande zote mbili zikubali kuketi mbele ya mtu mmoja.

Kuketi huko kulikuwa na utaratibu wake. Wenye shauri walimchagua hakimu wenyewe, na ilibidi wote wawili wamkubali. Baraza lilikuwa wazi mbele ya kila mtu aliyetaka kusikiliza. Kila upande ulisema mwenyewe au ulimweka msemaji. Ushahidi ulipokosekana, kiapo kilitumika, lakini mshtakiwa hakuapa yeye. Aliapiwa na jamaa yake mwenye sifa njema, ambaye jina lake lingechafuka milele kama ameapa uongo. Nauona utaratibu huu kuwa wa busara. Mwizi kuapa ni rahisi. Kumpata mjomba mwaminifu akuapie huku anajua umeiba si rahisi. Shauri likiisha, mahali pengi pande mbili zilishika ncha za kamba ya rangi mbili, ikakatwa katikati, na tangu hapo kulifufua lilikuwa ni aibu. Hakimu alipata sehemu yake ya mali iliyodaiwa, kwa kawaida moja ya kumi. Na akipotosha haki, adhabu yake ilikuwa moja tu: kesho watu hawaji.

Lakini jina la Kazybek halikutokana na mashauri ya farasi walioibwa. Lilitokana na Wajungari. Hawa walikuwa Wamongolia wa magharibi, wafugaji kama Wakazakhi wenyewe, wenye dola yenye nguvu upande wa mashariki, na kwa zaidi ya miaka 100 walipigana na Wakazakhi juu ya malisho na miji ya biashara. Masimulizi yanasema kwamba Kazybek akiwa bado kijana alifuatana na ujumbe wa wazee kwenda kwa mtawala wa Wajungari kudai mateka na mifugo iliyotekwa. Mtawala aliwapokea kwa dharau. Wazee waliotangulia kusema waliishiwa maneno, na kijana akaomba ruhusa. Akasema kuwa watu wake ni wafugaji wasiomwonea mtu, tena si watu wa kukanyagwa. Kwamba wamekuja kutafuta amani, na kama mwenyeji wao anapenda zaidi vita basi aseme, nao wataagana hapo hapo. Mtawala alinyamaza, kisha akauliza jina la huyu ni nani. Akaambiwa. Akasema sauti yake ni ya bata bukini. Mateka wakarudishwa, na tangu siku hiyo akaitwa Kazybek mwenye sauti ya bata bukini.

Kwetu mtu akiambiwa ana sauti ya bata atanuna. Ni lazima kuikumbuka nyika yenyewe. Kule majira ya baridi ni marefu na makali, na mabata bukini wapitao juu angani ndio wanaotangaza kwamba majira yamegeuka. Sauti yao husikika kabla wao hawajaonekana, nayo husafiri mbali katika nchi isiyo na mti wala kilima cha kuizuia. Kwa mfugaji hakuna sifa ya msemaji iliyo kubwa kuliko hiyo.

Maneno hayakuwazuia Wajungari daima. Mwaka 1723 waliwashukia Wakazakhi kwa ghafla, wakaiteka miji ya Turkestan, Sayram na Tashkent, na watu wakakimbia kwa miguu kuelekea magharibi na kusini, wakifa njiani kwa njaa. Wakazakhi hadi leo huuita mwaka ule kwa jina linalotaja nyayo zilizochubuka mpaka zikawa nyeupe. Ilichukua miaka kadhaa makundi matatu kuungana chini ya uongozi mmoja wa vita, na mapigano ya Anyrakay, karibu na mwaka 1730, ndiyo yanayokumbukwa kuwa yaligeuza upepo. Wakazakhi wanawapa mahakimu watatu heshima ya kuwapatanisha wakubwa wao ili jambo hilo liwezekane. Naona ni sawa. Makhan wa siku zile walikuwa wengi na kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mfupa mweupe ulikuwa na kiti cha kugombea. Mahakimu hawakuwa nacho, ndiyo maana waliweza kusikilizwa na pande zote.

Kisha likaja jambo la Ablai. Huyu alikuwa sultani kijana wa mfupa mweupe, mpiganaji, naye mwaka 1741 alikamatwa na Wajungari. Aliachiwa mwaka 1743. Nyaraka za Kirusi zinaeleza juhudi za Meja Karl Miller, aliyetumwa kutoka Orenburg mwaka 1742 kwenda kumwombea kwa mtawala Galdan Tseren. Masimulizi ya Wakazakhi yanasema aliyemtoa ni Kazybek, wakati huo mzee wa miaka zaidi ya 70, aliyekwenda tena kule alikopata jina lake. Sioni kwa nini tulazimishwe kuchagua. Meja alikuwa na barua ya serikali yake, na mzee alikuwa na watu nyuma yake ambao Galdan Tseren angeendelea kuwa jirani yao hata Meja akirudi Orenburg. Galdan Tseren alikufa mwaka 1745, wanawe wakagombana, na kati ya mwaka 1755 na 1758 majeshi ya China yaliifuta dola ya Wajungari. Kazybek aliishi akayaona hayo. Ablai naye akawa khan mkuu, akafariki karibu na mwaka 1781. Wote wawili, mateka na mwombezi wake, wamezikwa Turkestan katika jengo moja, kaburi la Khoja Ahmed Yasawi lililojengwa kwa amri ya Timur mwishoni mwa karne ya 14.

Sasa nije kwa wazao. Kiswahili chetu kina maneno mazuri ya kazi hii ambayo vijana wa leo wanayaacha yaote kutu. Mwana wa Kazybek aliyerithi sifa ya hakimu ni Bekbolat. Mjukuu ni Tilenshi. Kitukuu ni Alshynbay. Kilembwe ni Zhusip, na kilembwekeza ni binti aliyeitwa Dilda, ambaye tutamkuta mbele kidogo. Nisisahau kusema kwamba uzao wa mzee Shanshar ulitoa si mahakimu tu, bali watani na wachekeshaji pia, na nyika nzima iliwaogopa kwa ndimi zao. Husimuliwa juu ya mmoja wao, Tontay, kwamba aliugua muda mrefu, masheikh wakaja mara nyingi wakidhani wamekuja kuzika, wakarudi. Mwishowe alisema ameona haya mbele yao kwa usumbufu huo, na sasa hana budi afe. Ulimi ule ule, basi, katika nyumba moja ulikata mashauri na katika nyumba ya pili ulivunja watu mbavu.

Alshynbay aliishi katika zama nyingine kabisa. Warusi walikuwa wamekwisha kuingia. Mwaka 1822 serikali ya Tsar iliondoa cheo cha khan katika Kundi la Kati na kuigawa nyika kuwa wilaya, kila wilaya na sultani mkuu wake, karani wake na askari wake. Alshynbay alikuwa hakimu mwenye sauti katika wilaya ya Karkaraly, na rafiki yake mkubwa alikuwa Kunanbay, mtu wa mfupa mweusi ambaye hata hivyo alipanda mpaka kuwa sultani mkuu wa wilaya hiyo. Mpolandi mmoja aliyekuwa uhamishoni, Adolf Januszkiewicz, alisafiri katika nyika mwaka 1846. Alistaajabu kuwasikia wasemaji wa Kikazakhi katika mabaraza yao, watu ambao hawajapata kusikia jina la Cicero wala Demosthenes, na alimsifu Kunanbay kuwa ni hakimu ambaye watu wa mbali humfuata. Marafiki hawa wawili wakaunganisha nyumba zao: Dilda, mjukuu wa Alshynbay, akaozwa kwa mwana wa Kunanbay. Kijana huyo aliitwa Abai. Alizaliwa mwaka 1845, akafariki 1904, naye ndiye mshairi ambaye Wakazakhi humweka mbele ya wote. Mwandishi Mukhtar Auezov ameyaeleza maisha yao, pamoja na ndoa hii, katika riwaya yake kubwa juu ya Abai.

Kabla sijaendelea na Abai, nimrudie Ablai yule mateka, maana kitukuu chake ndiye aliyeandika utetezi mzuri kuliko wote wa kazi ya Kazybek. Huyu ni Chokan Valikhanov, aliyezaliwa mwaka 1835, afisa katika jeshi la Urusi, msomi na msafiri. Mwaka 1864 wakubwa wa Kirusi walikuwa wakitaka kubadili mahakama za nyika. Hakimu sasa achaguliwe kwa kura, kwa muda maalumu, aandikwe na kuthibitishwa na serikali. Kwa masikio ya leo jambo hilo linasikika kuwa la maendeleo, na sikosi kuelewa kwa nini. Chokan alilipinga. Alieleza kuwa bi hateuliwi na hachaguliwi, anajulikana. Watu wanamjua kwa mashauri aliyokwisha kuyakata. Alitoa mfano wa Shakespeare na Goethe, ambao dunia inawakubali kuwa washairi wakuu bila amri ya serikali na bila uchaguzi. Alionya kwamba ukiweka kura, matajiri watainunua, na mtu mwenye heshima atajitenga. Alifariki mwaka 1865, hajatimiza miaka 30.

Serikali haikumsikiliza. Sheria za mwaka 1867 na 1868 zilifanya mabi wawe wa kuchaguliwa kila baada ya miaka mitatu. Yaliyofuata yanasimuliwa na Abai mwenyewe, aliyepata pia kuwa mtawala wa tarafa, kwa hiyo aliyaona kutoka ndani. Katika maandiko yake ya nathari ya miaka ya 1890 alieleza jinsi watu walivyotumia mali yao kununua kura, jinsi aliyeshinda alivyohitaji kurudisha gharama zake, na jinsi mshitaki na mshitakiwa walivyomwendea hakimu kila mmoja na chake mfukoni. Tena akakumbusha kwamba hakimu alipaswa kuzijua sheria za kale, akizitaja pamoja nazo zile za Tauke na za kilima cha Kultobe, na kwamba hata hizo nyingine zimechakaa na zinahitaji mtu wa kuzirekebisha. Shauri lake lilikuwa kwamba kila tarafa iwe na mahakimu watatu wasio na muda wa kikomo, waondolewe tu wakipatikana na kosa. Mwaka 1885, katika mkutano mkubwa wa Karamola, Abai alikuwa mmoja wa waliotunga kanuni za kuamulia mashauri yaliyovuka mipaka ya wilaya.

Nimeyasoma haya mara nyingi, na ninavyoona mimi Chokan alikuwa na haki katika sehemu moja na alinyamaza katika nyingine. Mahakama ya hakimu anayejulikana inafaa watu wanaojuana. Mtu akija asiye na baba saba katika nyika ile, mgeni, mtumwa, mwanamke aliyekosana na ukoo wa mume, nani atamwapia? Kura haikumsaidia mtu huyo, lakini na ule utaratibu wa zamani haukuwa umetandikwa kwa ajili yake. Abai, ambaye alikuwa karibu zaidi na matope, aliliona hilo bora kuliko Chokan, ndiyo maana hakuomba zamani zirudi kama zilivyokuwa.

Dilda alimzalia Abai watoto kadhaa, na uzao wa Kazybek ukapita humo. Akylbay na Magauia walikuwa washairi, na wote wawili walifariki mwaka 1904, mwaka ule ule wa baba yao. Abai alimfuata Magauia baada ya siku 40. Abdirahman, aliyesomea uofisa wa mizinga huko St. Petersburg, alikuwa amefariki mapema, mwaka 1895.

Kwa nasaba zenyewe, zilizokuwa zikitembea kwa mdomo, aliyejitahidi sana kuziandika ni Shakarim, mtoto wa kaka yake Abai, ambaye kitabu chake cha vizazi vya Waturuki na Wakazakhi kilichapishwa Orenburg mwaka 1911. Aliishi akaona utawala wa Kisovieti ukifuta mahakama za mabi katika miaka ya 1920, ukawanyang'anya matajiri mifugo yao mwaka 1928, kisha ukawalazimisha wafugaji kuingia katika mashamba ya pamoja. Njaa iliyofuata, miaka ya mwanzo ya 1930, iliua Wakazakhi zaidi ya milioni moja. Mzee Shakarim, aliyekuwa na miaka 73, alipigwa risasi na askari wa usalama mwaka 1931, na mwili wake ukatupwa katika kisima kikavu. Mwanawe Akhat aliichimbua mifupa mwaka 1961 akaizika karibu na kaburi la Abai. Katika miaka ile kumtaja babu wa saba hadharani, hasa akiwa na cheo, hakukuwa jambo la kujivunia. Familia zilitunza majina hayo ndani ya nyumba.

Kazakhstan ilipata uhuru wake mwaka 1991. Mwezi wa Mei mwaka 1993 marais watatu, wa Kazakhstan, Uzbekistan na Kyrgyzstan, walikutana katika kilima cha Ordabasy, kusini mwa nchi, katika sherehe za kuwakumbuka mahakimu watatu. Katika jiji la Almaty kuna mitaa mitatu inayokwenda sambamba katikati ya mji. Ule uliokuwa ukiitwa Mtaa wa Komsomoli sasa ni Mtaa wa Tole Bi. Uliokuwa Mtaa wa Oktoba sasa ni wa Aiteke Bi. Na uliokuwa Mtaa wa Kisovieti ni wa Kazybek Bi.

Makaburi yao hayako pamoja. Kazybek yuko Turkestan, kama nilivyosema. Aiteke amezikwa Nurata. Tole yuko Tashkent, na huko watu humwita mtakatifu wa mbayuwayu, kwa sababu ya hadithi kwamba Wajungari walipokuja, watu wote walikunja mahema wakakimbia, yeye akakataa kulikunja lake kwa kuwa mbayuwayu alikuwa amejenga kiota juu yake na makinda hayajaota mbawa. Nurata na Tashkent zote ziko Uzbekistan. Kwa hiyo Mkazakhi anayetaka kuwazuru mahakimu wake wote watatu hana budi avuke mpaka, apange foleni mbele ya askari wa forodha, karatasi zake mkononi.